Kabla hujakipa jina kirusi cha kiwavijeshi

Ukimkuta kiwavijeshi amekufa akining'inia kichwa chini kwenye jani la mahindi, mwili umelegea na ngozi inapasuka kwa kuguswa tu, shuku bakulovirusi, kundi la virusi vya DNA vinavyoua wadudu. Ni shuku tu, bado si jibu. Weka kila mzoga kwenye kichupa chake na uugandishe siku hiyohiyo kwenye nyuzi −20, maana ukikaa juani bakteria wanauteka. Andika na aina ya kiwavi: kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia.

Tone la majimaji yake litazame kwa hadubini ya fezi kontrasti, ukuzaji mara 400. Polihedra, yaani vifuko vya protini vinavyobeba virusi, hung'aa na kutetemekatetemeka. Matone ya mafuta nayo hung'aa, na hapo ndipo wanaoanza hukosea. Penyeza sodiamu haidroksaidi 1 M (moli 1 kwa lita) pembeni mwa kioo cha kufunikia: polihedra zitavimba na kuyeyuka, mafuta yatabaki palepale.

Kwa kiwavi ambaye hajaoza, pasua utumbo. Ukiwa mweupe kama maziwa na polihedra zimejaa humo, fikiria saipovirusi, kundi jingine la virusi vya wadudu. Hicho ni cha RNA, si cha DNA kama bakulovirusi. PCR ya DNA, yaani kipimo kinachonakili DNA mara nyingi ili ionekane, haitakionyesha hata uirudie mara kumi.

Kutoa DNA: saga mzoga kwenye SDS (sabuni ya maabara) 0.1%, chuja kwa melimeli, zungusha kwenye sentrifuji, kisha yeyusha polihedra kwa sodiamu kaboneti 0.1 M. Rudisha pH karibu na 8 ndipo utie proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini. Ukiruka hatua ya kaboneti, DNA ya kirusi inabaki imefungiwa, na unachosoma ni DNA ya mdudu.

Soma mfuatano wa DNA wa jeni tatu za kirusi: polh, lef-8 na lef-9. Umbali wa Kimura, yaani kipimo cha tofauti kati ya mifuatano miwili ya DNA, ukiwa chini ya 0.015 dhidi ya kirusi kinachojulikana, ni spishi ileile, ukizidi 0.05, ni nyingine. Katikati ya hapo, tafuta ushahidi zaidi. Mdudu uliyemkuta nacho si ushahidi: AcMNPV, bakulovirusi mojawapo, ina jina la nondo Autographa californica, ilhali huua viwavi wa spishi nyingi. Vilele viwili mahali pamoja kwenye kromatogramu, yaani mchoro wa usomaji wa DNA, huenda vikawa maambukizi mchanganyiko, kwa hiyo usichague kimoja ukafuta kingine.

Mwisho, lisha viwavi wazima polihedra ulizosafisha, na wengine maji matupu. Hao wa maji wakifa na polihedra mwilini, kirusi kilikuwemo kwenye kundi lako la maabara au kimevuka wakati wa kulisha. Jaribio hilo halihesabiki.