Maswali Yenu: Vigae vya Shimoni, Kumbukumbu za Wazee na Michoro ya Jabalini

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Fundi anachimba shimo la choo nyumbani kwangu Luchelele, karibu na ziwa. Alipofika usawa wa kiuno alitoa vigae vya chungu vyenye mistari, pamoja na mabonge meusi mazito. Ananishauri niyaoshe yote, eti kuna mtu ananunua. Nifanye nini?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Usioshe, usiuze, na fundi apumzike kwanza.

Mabonge hayo huenda ni mavi ya chuma, yaani taka za tanuru la kuyeyushia chuma. Vigae navyo vitazame mdomo na kitako. Mdomo uliokatwa bapa na kuzungushiwa mifereji, au kitako chenye kibonyeo kama kilichominywa kwa kidole gumba, ni dalili za vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Vilianza kufinyangwa kandokando ya ziwa hili yapata miaka 2,500 iliyopita, na jamii zilizovitumia ziliyeyusha chuma. Huko Katuruka, mkoani Kagera, matanuru yao yamechimbuliwa. Pambo likiwa ni alama za kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi, chungu ni cha baadaye sana.

Mtaalamu atataka kujua zaidi kila kigae kililala wapi na pamoja na nini, kwa hiyo anza na shimo lenyewe. Piga picha ukuta wake huku futi ya fundi ikionekana. Pima kina kuanzia uso wa ardhi ya asili, si juu ya kifusi kilichomwagwa ukingoni. Hapo ndipo wengi hukosea, sentimita 30 zikaongezeka bure. Andika rangi ya kila tabaka, hasa ukiona mstari wa majivu. Kwenye simu, subiri kosa la GPS lishuke hadi mita 5 au chini, kisha andika vipimo vya mahali na kwamba ni vya WGS84, mfumo wa ramani unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani za karatasi hutumia mfumo mwingine, Arc 1960, na ukichanganya mifumo hiyo miwili mahali panahama takriban mita 300. Kwa Luchelele, choo chako kinaweza kuangukia majini.

Weka vigae kwenye bahasha za kaki, kila kina na bahasha yake, uandike kwa penseli. Mfuko wa nailoni uliofungwa hutoa jasho ndani, ukungu huota na wino huchujuka. Masizi yaliyoganda ndani ya kigae usiyasugue, kwani maabara inaweza kukuta humo mabaki ya chakula. Mkaa uchukue kwa ncha ya kisu safi, uufunge kwenye foili bila kuushika; ndio unaopimwa umri, na mafuta ya mkono au jivu la sigara huuchafua.

Usipanue shimo kutafuta zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa aina hiyo, na inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa bila kuchelewa. Anza kwa mtendaji wa mtaa na ofisa utamaduni wa halmashauri, ujumbe ufike Idara ya Malikale. Ukikuta mifupa ya mtu, polisi nao waitwe.

SWALI: Sisi ni vijana wa Kirumba, tunarekodi wazee kuhusu Mwanza ya zamani. Shida yetu ni miaka: mzee huyohuyo leo anasema hivi, kesho vile.
*Kikundi cha vijana, Kirumba*

JIBU: Msimuulize mwaka. Muulizeni kama ilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana: maji ya ziwa kupanda baada ya mvua kubwa za 1961, Uhuru, Operesheni Vijiji, Vita vya Kagera vya 1978–1979, au kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Kwa habari alizopokea kwa wazazi wake, reli kufika Mwanza mwaka 1928 ni kigezo kizuri.

Shikamoo kwanza, kisha mwelezeni nani atasikiliza, na ridhaa yake irekodiwe kwa sauti yake mwenyewe. Akitaka kusema Kisukuma, mwacheni, tafsiri itafuata. Kaeni ndani, maana upepo wa ziwa huharibu sauti kuliko makelele ya bodaboda. Simu iwe nusu mita kutoka kwake, mtandao umezimwa. Saa moja inatosha, mzee naye huchoka.

Picha zake msizibandue kwenye albamu. Zipigeni karibu na dirisha bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, na nakala zikae nyumba mbili tofauti.

SWALI: Kuna michoro iliyofifia kwenye jabali kijijini kwetu. Tukiimwagia maji inaonekana vizuri. Kuna ubaya?
*Msomaji, Magu*

JIBU: Upo. Maji huyeyusha chumvi iliyomo ndani ya jiwe; jiwe likikauka chumvi hutokeza juu na kuibandua rangi. Kupitisha chaki juu ya mistari ni kubaya zaidi, maana baadaye hakuna atakayetofautisha mkono wa mchoraji na wenu. Zuieni jua kwa shuka ili kivuli kienee sawasawa, pigeni picha, kisha ipitisheni kwenye programu ya DStretch, inayokoleza rangi zisizoonekana kwa macho. Na wachungaji waombwe wasiwashe moto chini yake: mbali na masizi, joto humenyua uso wa jabali, na mchoro hudondoka nao.