Maswali yenu: Hela za fidia ya sigara, nani anazilinda?

Toka tuguse habari za bei ya tumbaku toleo lililopita maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyopewa, kwahiyo nimechagua yale yanayoenda pamoja. Mengine nitayajibu mwezi ujao, msinikasirikie.

*Mwanangu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa tumbaku ya mvuke, ile ya kukaushwa kwa joto, hapa Urambo, nimeanza nikiwa kijana kabisa. Mjukuu wangu kaniambia Marekani makampuni ya sigara yalibanwa yakalipa mabilioni ya dola na hata wakulima wa kule wakapata. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona sisi hatujaona hata senti? (Mkulima, Urambo)*

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu hajakudanganya. Ila kuna kitu kimoja watu wengi wanakichanganya, wanadhani walioshtaki ni wavutaji. Wavutaji walishtaki miaka na miaka na karibu wote walishindwa, maana kampuni ilikuwa inawaambia wewe ulivuta mwenyewe hakuna aliyekushika mkono. Kilichobadilisha mambo ni majimbo yenyewe kwenda mahakamani. Jimbo la Mississippi ndo lilianza mwaka 1994, mwanasheria mkuu wake Mike Moore akasema sisi hatujavuta sigara hata moja ila tunalipa bili za hospitali za wagonjwa wenu, watu wa kipato cha chini wanaotibiwa kwa hela ya serikali, tunataka hela yetu irudi. Hoja ikakaa. Mississippi, Florida, Texas na Minnesota wakamalizana na makampuni kila mmoja kivyake mwaka 1997 na 1998, halafu Novemba 1998 majimbo 46 yaliyobaki yakasaini makubaliano ya pamoja na makampuni makubwa manne ya wakati huo. Hesabu iliyotajwa ni dola bilioni 206 kwa miaka 25 ya kwanza, na malipo hayaishii hapo, yanaendelea kadiri sigara zinavyouzwa. Pia walikatazwa mabango ya barabarani, katuni kwenye matangazo, na kugawa kofia na fulana zenye nembo ya sigara.

Sasa wakulima. Kila mtu aliona bei ya sigara itapanda na jani litanunuliwa kidogo, kwahiyo makampuni yakakubali kuweka mfuko wa pembeni, dola bilioni 5.15 kwa miaka 12, kwa ajili ya wakulima na wenye mashamba ya mgao, yani yaliyopangiwa kiwango cha tumbaku ya kuuza, katika majimbo 14 yanayolima. Baadae mwaka 2004 bunge lao likafuta kabisa mfumo wa mgao uliokuwepo toka miaka ya 1930, na wakulima wakaanza kulipwa karibu dola bilioni 10 kwa miaka kumi, hela ikitoka kwa makampuni. Hao ndo anaowasema mjukuu wako.

Kwanini sio wewe mzee wangu? Kwa sababu yale ni makubaliano ya kisheria kati ya majimbo ya Marekani na makampuni yanayouza sigara kule, jani la Urambo halimo ndani yake hata kama lilisafiri likaishia kwenye sigara ya huko. Huku kwetu hakuna makubaliano ya namna hiyo. Tulichonacho ni mkataba wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, Tanzania iliuridhia mwaka 2007, na ibara yake ya 17 inasema nchi zisaidie wakulima na wafanyakazi wa tumbaku kupata shughuli nyingine yenye faida. Ya 19 inazungumzia kuyawajibisha makampuni, fidia ikiwemo. Kwahiyo mlango upo kwenye karatasi. Mimi naona sio haki kabisa kwamba mkulima wa Carolina kule Marekani alilipwa kwa sababu zao linapungua wakati mkulima wa Urambo anaambiwa tu tumbaku ni mbaya, acha.

*Habari dada. Mimi ni nesi hapa Tabora mjini. Nataka kujua hizo hela za Marekani baada ya kulipwa zilienda wapi, zilitibu wagonjwa kweli? Na nani alikuwa anazikagua? (Nesi, Tabora)*

Salama nesi, na hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Jibu linauma. Makubaliano yale ya 1998 hayakuweka sharti lolote kwamba hela itumike kwenye afya. Hakuna kifungu. Majimbo yalishtaki kwa jina la wagonjwa, hela ilipoingia kila bunge la jimbo likaamua lenyewe.

Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilipewa kazi na sheria ya mwaka 2002 ya kutoa taarifa kila mwaka jinsi majimbo yalivyozitumia. Walipojumlisha mwaka 2000 mpaka 2005 wakakuta karibu asilimia 30 ilienda kwenye afya, karibu asilimia 23 ikaziba mapengo ya bajeti, na kudhibiti tumbaku kwenyewe, yani kuzuia vijana wasianze na kuwasaidia watu waache, kulipata asilimia 3.5 tu. Na haikubadilika sana, hata miaka ya karibuni ukijumlisha fidia na kodi ya sigara, katika kila dola wanayokusanya haifiki senti 3 inayoenda kwenye kinga. Ona pia kwamba mkaguzi alipewa kazi ya kuhesabu, hakupewa uwezo wa kuzuia. Alikuwa anaandika imetumika hivi, wanasoma, wanaendelea.

Minnesota walikuwa wamefanya vizuri, wakaweka sehemu ya fidia yao kwenye akiba ya kudumu ili faida yake ilipie kazi ya kuzuia uvutaji. Mwaka 2003 bajeti ikabana, akiba ile iliyokuwa inakaribia dola bilioni moja ikafumuliwa. Kilichokuwa kimejengwa kwa sheria ya kawaida kilivunjwa kwa sheria ya kawaida, kura tu za bungeni. Majimbo mengine yakauza haki ya malipo ya miaka ijayo kwa wawekezaji ili wapate mkupuo leo, yani hela ya mtoto ambaye hajazaliwa inaliwa sasa hivi, halafu yule aliyenunua haki ile anategemea sigara ziendelee kuuzwa ndo alipwe. Hapo mimi nilisoma mara mbili mbili. Serikali iliyoshtaki sigara ikajikuta mapato yake yanataka watu wavute.

Virginia waliunda tume ya kufufua maeneo ya wakulima wa tumbaku, wakaipa nusu ya fidia ya jimbo. Wazo zuri tu. Lakini mtu aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa jimbo hilohilo alipewa ruzuku kwa ajili ya kufundisha watu wazima kusoma kwenye vijiji vya wakulima, akachota karibu dola milioni 4 zikaenda kwake, mwaka 2010 akakiri mahakamani na akafungwa miaka 10. Hela ya kumfundisha mkulima kusoma, nesi wangu. Na aliyeiba ni mtu aliyekuwa anajua kabisa ukaguzi unapitia wapi na hauangalii wapi.

Ila sio wote. Oklahoma mwaka 2000 wananchi walipiga kura wakaweka kwenye katiba ya jimbo kwamba sehemu ya fidia inaingia kwenye mfuko, inatumika faida tu, mtaji hauguswi, na wanaowekeza ni bodi moja na wanaoamua matumizi ni bodi nyingine. Bunge likitaka kuuvunja lazima lirudi kwa wananchi. Florida walikuwa na kampeni ya vijana iliyoanza 1998 na uvutaji wa wanafunzi ukashuka kwa kasi, mwaka 2003 wakaikata hela karibu yote, basi 2006 wapiga kura wakaandika kwenye katiba kiwango cha asilimia 15 ya malipo ya fidia ya mwaka 2005, kikipanda na gharama za maisha, kwa ajili ya kinga. California hata kabla ya fidia walipitisha kodi ya senti 25 kwa pakiti mwaka 1988, sheria ikaunda kamati ya usimamizi yenye watu wa nje ya serikali, na viongozi walipohamisha hela ya elimu ya afya miaka ya 1990 mashirika ya wananchi yalifungua kesi yakashinda.

Kwahiyo ukiniuliza nani alizilinda, naona hela iliyokuwa imeandikiwa kazi yake mapema, mahali ambapo mwanasiasa hafiki peke yake, hiyo ilisalimika kiasi. Iliyoachwa "tutaamua baadae" ililiwa, na mara nyingi bila mtu yeyote kuvunja sheria.

*Dada, huku Afrika hakuna nchi iliyojaribu? Sisi Kasulu nako tunalima na mpaka uko karibu, tunasikia ya jirani tu. (Kijana, Kasulu)*

Zipo mdogo wangu. Kenya sheria yao ya 2007 iliunda mfuko wa kudhibiti tumbaku, kanuni za 2014 zikasema watengenezaji na waingizaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka. Kampuni ya sigara ya BAT (British American Tobacco) ikaenda mahakamani, kesi ikapanda ngazi zote mpaka Mahakama ya Juu ambayo iliitupa Novemba 2019. Hesabu miaka toka sheria ipite. Nigeria tume yao ya ushindani na kulinda walaji iliitoza kampuni hiyohiyo dola milioni 110 Desemba 2023, ingawa hilo lilikuwa kosa la biashara, sio bili za hospitali. Hapa kwetu tuna sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003, inakataza kumuuzia mtu chini ya miaka 18, lakini sote tunajua mtoto anavyotumwa dukani.

*Shikamoo dada. Nalima ekari mbili Sikonge, mume wangu alishafariki. Kwenye karatasi yangu ya malipo naona makato ya pembejeo na ya chama cha ushirika, lakini ule ushuru wa halmashauri sijawahi kuuona na kila mkutano wanasema tumbaku ndo inaendesha wilaya. Naruhusiwa kuuliza? Na nikiacha tumbaku nilime nini? (Mama, Sikonge)*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msiba hata kama umepita muda. Unaruhusiwa, tena sana.

Huuoni kwenye karatasi yako kwa sababu ushuru wa mazao analipa mnunuzi, anaipelekea halmashauri. Mpaka 2017 ulikuwa asilimia 5, ukashushwa kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Halimo jina lako mle lakini ni jani lako, maana mnunuzi akipanga bei anajua huo ushuru upo. Miaka michache nyuma nilikaa kwenye soko la chama kimoja cha msingi huku kwetu, marobota yamepangwa mistari, mteuzi anapita anavuta majani anapanga daraja, na pembeni kuna mama ameshika karatasi yake ya malipo imekunjwa ndogo ndani ya pindo la kanga. Aliifungua akanisomea mstari kwa mstari: mbolea, mbegu, kuni, mkopo wa bani, yani banda la kukaushia. Kila shilingi ya makato aliijua. Nikamuuliza halmashauri inapata ngapi kwenye soko hili, hakujua, nikamuuliza katibu naye akasema hiyo iko juu. Watu wanaosimamia kila gramu ya zao hawajui hela ya umma inayotokana nalo, na mimi hili linaniuma kuliko yale ya Virginia.

Cha kufanya: vikao vya baraza la madiwani viko wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Mwambie diwani wako aulize kikaoni msimu uliopita ushuru wa tumbaku uliingia kiasi gani na umefanya nini kwenye kata zinazolima, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Ripoti ya CAG, yani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya serikali za mitaa inatoka kila mwaka na iko wazi mtandaoni, kijana yeyote mwenye simu anaweza kukutafutia halmashauri yenu. Nendeni wengi, mtu mmoja anapuuzwa.

Kuhusu kuacha, sitakudanganya na jina la zao. Tumbaku inakubana lakini inakuja na mkataba, pembejeo za mkopo na mnunuzi anayejulikana kabla hujapanda. Alizeti na karanga vinaota vizuri tu huku na asali ya Tabora inatafutwa, tatizo hakuna anayekukopesha mbolea mwezi wa kumi akisubiri karanga zako. Kule Migori Kenya mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali walianza na wakulima wa tumbaku kuhamia maharage yenye madini ya chuma, na kilichowavuta wakulima ni kwamba kulikuwa na mbegu na mtu wa kuyanunua. Hicho ndo kingelipiwa na mfuko kama tungekuwa nao. Kwa sasa usitoke yote kwa mkupuo, toa robo ekari uone, huku tumbaku ikikulipia ada.

Na wakati unaendelea kuvuna, usiingie shambani majani yakiwa na umande. Nikotini ya jani bichi inapita kwenye ngozi, ndo ile kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika jioni. Vaa mikono mirefu, watoto na mjamzito wasivune kabisa, na mtu akizidiwa mkimfikisha zahanati mwambieni mganga kwamba ametoka kuvuna tumbaku, asije akatibiwa malaria peke yake. Diwani akijibu niandikie, nitaliweka hapa jibu lake kama lilivyo.