Paka Anaharibu Mkeka Wangu

Swali: Nimesuka mkeka wa ukindu kwa wiki nyingi, lakini paka wangu anaukwaruza kila asubuhi. Je, nimfungie nje? – Msomaji, Tanga.

Jibu: Usimfungie, kwani paka hukwaruza ili kuondoa magamba makuukuu ya kucha na kuacha harufu yake, na adhabu haitamwachisha. Mtafutie gogo zito lisiloyumba, refu kiasi cha yeye kujinyoosha, ulizungushie kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) na uliweke pale pale anapoamkia. Mkeka uukunje na kuuhifadhi kwa majuma machache. Ukili (utepe uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka) uliochanika hutengenezeka: lowesha ukindu mpya hadi ulainike, usuke kipande chenye upana ule ule, kisha ukishone mahali pake. Rangi huenda isifanane kabisa, mimi nisingejali.