Kabla hujaomba kazi ya ugunduzi wa mbegu, kalione kwanza shamba la jike

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza Sokoine aliniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kuwa mgunduzi wa mbegu za mahindi, ila kwenye kampuni, si serikalini. Niongeze nini, vinasaba au takwimu?"

Marahaba mdogo wangu. Ongeza vyote viwili. Lakini kama ni kampuni unayoitaka, kuna somo la tatu, shamba la jike (mzazi anayebeba mbegu tunayouza), ambalo mimi nilifundishwa kwa machungu, na leo nitakusimulia.

Kwenye kampuni niliyofanyia kazi Arusha, hakuna aliyechavusha kitu kabla ya karatasi moja kupita kwa watu wa mauzo. Karatasi hiyo inataja mkulima wa ukanda gani na mwinuko gani, mahindi yakomae kwa siku ngapi, yawe meupe, punje ngumu zisizobunguliwa upesi na zinazotoa sembe ya kutosha, yavumilie magonjwa ya milia na madoa ya kijivu ya majani. Mwisho kabisa inataja mbegu iliyopo dukani sasa ambayo hii mpya inapaswa kuishinda. Usipoitaja kwa jina, shamba hupewi. Mimi nilikuja na ndoto zangu za maabara, nikakuta bosi wa mauzo ndiye anayeniambia punje iweje! Nilinuna. Baadaye nilielewa, maana mkulima wa Babati hanunui tasnifu yangu.

Karatasi ikipita, kazi hukatwa vipande. Wapo wanaotengeneza laini za wazazi, yaani mahindi safi yanayozaa yanayofanana nayo, na laini hizo huwekwa katika makundi yaliyo mbali kinasaba, kwa sababu mzazi wa kundi hili akikutana na wa kundi lile ndipo nguvu ya chotara, yaani mtoto wa wazazi tofauti, inapotokea. Watafiti wa Kitale, Kenya, walilishika jambo hili mapema: chotara H611 ya mwaka 1964 ilitokana na mahindi yao ya Kitale Synthetic II kukutanishwa na Ecuador 573, mahindi yenye asili ya Amerika ya Kusini. Zamani kusafisha laini kulitaka kuichavusha yenyewe kwa yenyewe vizazi sita, saba. Siku hizi ipo njia ya kurudufisha kromosomu inayofupisha kazi hadi vizazi viwili hivi. CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, walifungua kituo cha kazi hiyo Kiboko, Kenya, mwaka 2013, na kampuni isiyo na ubavu wa kujenga chake inaweza kuomba huduma pale.

Kisha wapo watu wa majaribio. Laini mpya, mamia kwa mamia, zinakutanishwa na testa, mzazi wa kupimia, wa kundi la pili, na chotara zake zinapandwa sehemu chache. Nyingi zinatupwa. Zinazobaki zinapelekwa sehemu nyingi zaidi, halafu kwa wakulima wenyewe, halafu TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kwa majaribio ya kitaifa na vipimo vya upekee, ulinganifu na uthabiti. Kila hatua chotara zinapungua na mashamba yanaongezeka. Ndio mpangilio wenyewe, na pesa inafuata njia hiyohiyo: kiwanja kimoja cha mwisho kinabeba gharama ambayo mwanzo ungeigawanya kwa mimea mingi. Tangu MLN, ugonjwa hatari wa virusi vya mahindi, iripotiwe Kenya mwaka 2011, sisi tuliongeza kichujio kingine, laini kupitishwa kwanza kwenye kituo cha Naivasha zinakoambukizwa makusudi.

Miaka ya katikati siiandiki. Ni kupanda, kupima unyevu na kugombania trekta. Niseme tu kuhusu mfuko wa kuchavushia. Gunzi changa unalifunika kabla nywele hazijachomoza, na mbelewele, ua la dume la juu ya mhindi, unaifunika jioni ili asubuhi, umande ukikauka, ukung'ute chavua mpya. Unavuta mfuko, unamimina, unafunika tena haraka, unaandika tarehe na namba ya wazazi wote wawili kwa kalamu isiyofutika. Upepo ukipita katikati ya hapo, mfuko huo hauna maana tena, utupe. Niliwaona wenye shahada mbili wanaoona aibu kuutupa. Wakauacha. Msimu uliofuata laini yao ilikuwa na mimea ya rangi tatu.

Sasa machungu yenyewe. Kila mwaka baada ya mavuno kuna kikao cha kupandisha daraja, kinachoamua chotara ipi isonge mbele. Chotara yangu niliipenda kama mtoto. Iliishinda ile ya dukani karibu kila mahali tulipoipanda, na madoa ya kijivu yaliipita kando. Nikaingia na grafu zangu. Mkuu wa uzalishaji akauliza jambo moja: jike linatoa kilo ngapi kwa hekta? Jike lilikuwa fupi, dhaifu, gunzi kama kidole. Akaandika gharama ya kilo moja ya mbegu ubaoni, ikawa juu ya bei tuliyouzia. Nikasema tulikutanishe na laini nduguye tupate jike lenye nguvu zaidi bila kuigeuza sana chotara. Jibu: hatuna msimu wa kuchezea. Ikafutwa dakika ileile, wakahamia namba inayofuata. Mpaka leo nikipita kwenye mahindi yaliyoungua kwa madoa, nawataja kimoyomoyo.

Nilichukua hasira zangu nikaenda kuomba kukaa msimu mzima na watu wa uzalishaji. Mistari minne ya jike kwa mmoja wa dume, vibarua wanang'oa mbelewele za jike kabla hazijamwaga chavua, mkaguzi anapima umbali na mahindi ya jirani. Nikajionea kwa nini chotara nyingi za kwetu zina wazazi watatu: jike likiwa chotara tayari, linazaa sana na mbegu inashuka bei. Chotara yangu ya pili ilitoka na jike la namna hiyo. Iko madukani. Najivuna, ndiyo.

Vijana, mnanisikiliza? Mnataka cheo cha mgunduzi na kompyuta yenye programu za vinasaba, lakini shamba la jike hamlijui. Kaeni na watu wa uzalishaji. Mwaka wa kwanza, kaeni nao. Mkipewa ofisi, bado kaeni nao. Na jifunzeni kutupa, maana kazi hii kwa sehemu kubwa ni kutupa, na anayeshindwa kuua chotara yake mwenyewe atauliwa nayo na watu wa mauzo.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza maswali mawili: testa wenu ni wa makundi gani, na nani ana kura ya mwisho kwenye kikao cha kupandisha daraja? Wakisema ni siri ya biashara, sawa, hiyo kampuni inagundua. Wakikutazama tu, ujue wanachukua chotara zilizokwisha tengenezwa na CIMMYT au TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania), wanazijaribu na kuzifungasha. Mshahara wa huko ni halali na kazi ipo, ila utakuwa mtu wa majaribio.