Kisigino kimevimba na mgongo unauma, tuendelee kuchua?

Swali: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ni saidia fundi huku Buswelu, Mwanza. Wiki mbili zilizopita mrunda wa jukwaa ulivunjika, akaanguka kutoka usawa wa lenta, ile boriti ya juu ya milango, akatua kwa visigino. Kimoja kimevimba, na akiinama mgongo unauma. Lakini anatembea. Kuna mzee anamchua kwa mafuta kila jioni. Kuna haja ya picha ya eksirei?

Jibu: Marahaba. Ipo, na ya kisigino peke yake haitoshi. Kishindo cha kutua hupanda miguuni hadi kiunoni, pale mbavu zinapoishia, na hapo ndipo pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, hupondeka. Kati ya watu kumi waliovunjika kisigino kwa kuanguka, mmoja hivi ana pingili iliyovunjika pia. Mgongo wake unanitia hofu kuliko kisigino. Mkojo ukigoma, miguu ikilegea au akipata ganzi kati ya mapaja, msingoje kukuche. Mleteni hospitali ya Bugando usiku huohuo.

Sasa hilo la "anatembea". Nimelisikia hadi nimelichoka! Pingili iliyopondeka huweza kushikiliwa na misuli, mtu akatembea wiki nzima, hata akabeba zege. Na huyo mzee anachua nini? Vidole havioni ufa. Mfupa unaoanza kushikana yeye anausumbua kila jioni, maumivu yakipoa kidogo kijana anarudi kazini. Wengine hufunga na mabanzi ya mianzi, wanakaza mpaka damu haipiti, mguu unakuwa mweusi, ndipo tunaletewa. Tukikata, mtaani wanasema hospitali wanapenda kukata.

Nanyi mafundi wa vilimani, Igogo, Mabatini na kwingineko: nyumba hiyohiyo upande wa juu jukwaa lina mita mbili, upande wa bondeni sita, na mirunda ni ileile iliyooza. Mwenzenu akianguka, msimkalishe "apate hewa". Msimbebe makwapani na miguuni kama gunia la dagaa, wala msimbane katikati kwenye bodaboda. Uti wa mgongo uliosalimika kwenye kuanguka unaweza kukatikia hapo. Mwacheni alale. Ikibidi kumhamisha, watu wanne au watano mwinueni kwa pamoja, kichwa na kiuno vikiwa mstari mmoja, mlazeni juu ya ubao. Mbao za kumwagia zege zimejaa hapohapo saiti.