Ukikodi nyumba Lushoto, usigombane na ukungu

Mara ya kwanza tulipokodi nyumba ya mapumziko juu ya mji wa Lushoto, kwenye Milima ya Usambara, tulikuwa watu sita na siku tatu tu. Tulitaka mtazamo wa Irente, msitu wa Magamba, Mlalo, Mtae na Soni, vyote. Tulirudi Dar tumechoka kuliko tulivyoondoka, na picha zetu nyingi ni za ukungu mtupu. Nimerudi mara nne tangu wakati huo. Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia hivi: safari moja kwa siku, na saa ya kutoka muulize mlinzi wa nyumba. Yeye akitazama mlima anajua.

Kati ya Juni na Agosti asubuhi kule ni baridi ya kweli, na wingu linaweza kukaa bondeni hadi saa nne. Ukikimbilia mtazamoni saa moja, utaona weupe tu. Asubuhi hiyo ni ya kuota moto. Kabla hujalipa nyumba, ulizia kuni na mablanketi kwanza, hayo mengine baadaye. Nyumba moja tuliyofikia ilikuwa na meko mazuri ya mawe na hakuna hata ukuni mmoja. Watoto walilala na makoti. Mama wa jirani ndiye aliyetuletea mzigo wa kuni za miwati, akatuonyesha jinsi ya kuwasha kwa gome lake kavu.

Safari inaanza Mombo, unapoiacha barabara kuu na joto lake. Hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona juu ya kona, korongo likiwa upande mmoja. Panda mchana, piga honi kwenye kona, na anayetapika akae mbele. Katikati ni Soni, mji mdogo wenye maporomoko unayoyaona ukiwa barabarani. Simama hapo unyooshe miguu. Kuanzia Desemba utakuta plamu na pichesi. Nunua ndoo nzima, zitaisha kabla hamjafika. Ukipenda historia, upande huo huo wa Soni kuna Vuga, mji wa watawala wa Kisambaa, alikotawala Kimweri ye Nyumbai hadi kifo chake mwaka 1862.

Irente nendeni alasiri. Kutoka Lushoto mjini ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu, mkipita kati ya mashamba ya kabichi na nyumba za watu (salimieni, shikamoo haina gharama). Njiani kuna shamba la Irente wanakouza jibini, jemu na mkate mweusi wa rai. Chukueni chakula hapo. Ghafla mlima unakatika. Chini kabisa, karibu mita elfu moja, unaona nyika, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na barabara ya Mombo uliyopita juzi ikiwa kama uzi. Jua linazama mbele yako. Shika mkono wa mtoto muda wote, maana ukingo ni mwamba tupu.

Msitu wa Magamba ni wa asubuhi ukungu ukishaanza kuinuka. Chukua mwongozo wa pale pale, si kwa sababu ya kupotea tu. Sisi tungepita kando ya kinyonga mwenye pembe mbili puani bila kumwona. Mwongozo alisimama, akanyoosha kidole kwenye tawi lililokuwa karibu na bega langu, na ilinichukua dakika nzima kutenganisha mnyama na jani. Mbega, wale kima weusi kwa weupe, utawasikia kwanza.

Mtae ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea. Kwenye ramani ni karibu. Ukweli ni saa tatu au zaidi za vumbi, na ikinyesha ni utelezi. Tulikwenda na kurudi siku moja, dereva tuliyemkodi akatuhakikishia tutafika kabla ya giza, na tukajikuta saa mbili usiku ndani ya ukungu, mmoja wetu akitembea mbele ya gari na tochi. Usifanye hivyo. Lala Mtae usiku mmoja hata kama nyumba yako ya Lushoto umeshailipia. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, pande zote ni bonde, na asubuhi ikiwa safi unaiona nyika ya Mkomazi, milima ya Upare, na kwa bahati Kilimanjaro.

Mlalo upe nusu siku, kwa ajili ya zile nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao.

Lushoto mjini, ambako Wajerumani walipaita Wilhelmstal, pasiwe mahali pa kupita tu kujaza mafuta. Ingia sokoni asubuhi, nunua karoti zenye udongo bado, viazi, maharage, na peasi kama ni msimu wake. Halafu rudi nyumbani, bandika makande mapema, na uwaache watoto wacheze nje. Kufikia saa kumi yatakuwa yameiva, na kama wingu limeondoka, Irente bado mnaiwahi.