Mchaichai umekusaidia, sasa unataka kuwagawia wengine?

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuwapa wenzako wa Ngamiani, hapa Tanga, majani ya usingizi aliyokufundisha bibi wa jirani, maana wewe yamekutuliza. Taratibu kwanza.

Kunywa mwenyewe sawa. Majani mawili matatu ya mchaichai, yaponde kidogo, mimina maji yaliyochemka kisha funika dakika kumi hivi. Ukiacha wazi harufu yote inakwenda na mvuke. Sukari usijaze, unataka kulala wewe.

Kumpa mtu ni habari nyingine. Anameza dawa za presha? Za usingizi? Ni mjamzito? Kama hujazoea kuuliza hayo, bado. Halafu tangu 2002 Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga anatakiwa asajiliwe na Baraza lililoundwa na sheria hiyo. Shina la mchaichai uani si cheti.

Kwa bibi nenda kiuanafunzi: hodi, shikamoo, omba kabla ya kukata, na simu ya kurekodi iache mfukoni mpaka aruhusu. Akisema jani fulani "hilo bado", usiende kulichimbua kwa mwingine.

Na usingizi ukikukimbia wiki nzima, pita hospitali ya Bombo umwone daktari.